Mafundi Kumi na Wawili Wanaopendana

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kamati nzima ya maprofesa. Aliyenivua ni mama mmoja mtu mzima, Mkatoliki, rozari mkononi, na alinivua huku akitabasamu. (Nguo za usomi. Tulieni.)

Niko kwangu Kibagabaga, hapa Kigali, chai imepoa, koti liko sakafuni, na bado sielewi vizuri kilichotokea. Naandika ili nielewe. Mtakaoelewa kabla yangu mniambie.

Kwa wasiojua kazi yangu: natafiti jinsi ubongo na homoni vinavyopelekeana habari mwilini. Jina la fani ni refu mno. Mama yangu alijaribu kulitamka harusini akakwama katikati, akawaambia wageni kwamba mwanawe anapima hasira za watu. Hakukosea sana. Ninachopima ni kortisoli, homoni ya msongo, ile inayopanda ukigombana na mwenye nyumba na kushuka ukipumzika. Ipo kwenye damu, na kwenye mate pia ipo. Mimi ni mtu wa mate.

Katika kazi yetu hakuna anayeuliza umeandika nini. Wanauliza wangapi wamekunukuu. Nina makala kumi na moja. Kumi kati ya hizo zina msomaji mmoja mwaminifu, anayezinukuu kila mwaka bila kuchoka, na msomaji huyo ni mimi. Ya kumi na moja imenukuliwa mpaka na watu wa nchi ambazo sijui mji wao mkuu. Hiyo moja ndiyo imenilisha, imenisafirisha na kunipa majivuno yote mnayoyajua.

Ni makala ya mafundi wa mtaa wa Rwezamenyo. Shangazi yangu Hadija ana chumba cha cherehani kule, na wanawake kumi na wawili wanashona hapo. Nimekulia chini ya meza zao nikiokota vifungo. Nilipokuwa natafuta shahada ya udaktari nikaona niwapime msongo wao kazini. Nikampelekea Shangazi boksi la vichupa, kila kichupa na jina la fundi na kipande cha pamba ndani. Fundi anatafuna pamba dakika mbili, anairudisha kichupani, anafunga. Asubuhi, adhuhuri, alasiri, kwa siku tatu. Jumla vichupa mia moja na nane.

Mimi mwenyewe nilikuwa napita magharibi tu. Nachukua vichupa, nafuturu kwa Shangazi, naondoka. Kwenye makala nikaandika kwamba sampuli zilikusanywa chini ya usimamizi wa karibu. (Msimamizi alikuwa Shangazi. Alikuwa karibu kweli.)

Matokeo yalinifanya nisujudu. Wanawake kumi na wawili, umri mbalimbali, nyumba mbalimbali, waume mbalimbali, na homoni zao zinapanda pamoja na kushuka pamoja! Alhamisi asubuhi wote wako juu. Ijumaa adhuhuri wote wako chini kabisa. Mtafiti mwenye akili angeogopa. Mimi nikaita rafiki zangu nikawanunulia soda. Nikaandika kwamba wanawake wanaofanya kazi pamoja kwa upendo hugawana msongo, mpaka miili yao ikaanza kwenda mwendo mmoja. Ile Ijumaa nikaieleza kwa aya mbili ndefu juu ya utulivu unaoletwa na ibada ya pamoja.

Dunia ikaipenda makala hiyo. Watu wamepata shahada kwa kuinukuu. Ni profesa mmoja tu aliyenisumbua, Mtanzania wa Morogoro. Aliniandikia kwamba amerudia utafiti wangu kwa mafundi wa kwao, na kila fundi ametoa namba zake tofauti kabisa. Akaniomba ushauri, kwa adabu sana. Nikamjibu kwamba pengine mafundi wake hawapendani. (Nilikuwa kijana. Na nilikuwa maarufu.)

Sasa tuje leo.

Leo ilikuwa siku yangu mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Nilishaomba uprofesa mshiriki mara moja nikakataliwa, na utaratibu wa chuo chetu ni kwamba ukikataliwa mara ya pili, unakaa miaka mitano bila kuomba tena. Kwa hiyo mjue nilikuwa na nini mkononi. Safari hii fomu ilikuwa na sehemu mpya: leta watu wawili wa jamii waje waeleze utafiti wako ulivyowagusa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Wenzangu watawatoa wapi watu? Mimi nina Rwezamenyo nzima.

Saa mbili asubuhi nikawafuata na gari. Shangazi Hadija alikuwa amevaa mtandio mpya, na mapajani ameshika ndoo ya sambusa. Nikamwambia, Shangazi, hii ni kamati, wataona tunawahonga. Akasema mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na kama ni rushwa basi na arusi zote za Kigali ni rushwa. Nyuma alikaa Mama Goreti, fundi wake wa mashati. Mama Goreti alikulia Bujumbura, akarudi Rwanda mtu mzima, na ndiye Mkatoliki pekee katika chumba kile cha cherehani. Shangazi alimchagua yeye kati ya wote. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Huyu ndiye alifanya kazi kubwa," nikadhani anasema habari za koti.

Maana koti nililovaa walinishonea wao, bure, kwa ajili ya leo. Nilikwenda kujieleza nikiwa nimevalishwa na sampuli zangu. Njia nzima Mama Goreti alikuwa ananigusa bega kunyoosha mshono, na mimi nilikuwa naona ninavyoitwa profesa.

Tukaingia. Maprofesa wanne mezani, wa tano yuko ng'ambo, tutamwona kwenye televisheni. Mwenyekiti ni mama mmoja mkali anayesoma kila karatasi mara mbili. Akasema mtathmini wa nje hutajwa siku yenyewe tu, ili asisumbuliwe. Televisheni ikawaka. Akatokea mzee mmoja mwenye kofia, nyuma yake pazia la maua, anatabasamu. Mwenyekiti akamtambulisha: profesa kutoka Morogoro.

Nikajiambia Morogoro ina maprofesa wengi. Yule mzee akanisalimu kwa jina, akasema tuliwahi kuandikiana. Akasema kwa upole mkubwa, na upole ndio ulionichanganya zaidi. Mtu uliyemwambia mafundi wake hawapendani anakutakia asubuhi njema, wewe unafanyaje?

Mwenyekiti akaamua tutumie Kiswahili kwa sababu ya wageni. Nikaeleza kazi zangu. Nilipofika kwenye ile makala, nikaonyesha mchoro wa mistari kumi na miwili inayokwenda pamoja. Shangazi akapiga makofi, kisha akaona yuko peke yake akaacha. Maswali yakaja, nikayajibu. Profesa wa Morogoro hakuuliza kitu. Alikuwa anaandika.

Mwisho akasema ana jambo moja tu, na angependa kuwauliza mafundi wenyewe badala ya kuniuliza mimi. Nikasema bila shaka. Nilisema kwa furaha, kama mnataka kujua. Nilijua Mama Goreti atasema nilivyowasaidia kujua afya zao.

"Mama, shikamoo," akasema yule mzee. "Unaukumbuka utafiti wa daktari?"

Shikamoo huku kwetu haisikiki sana. Mama Goreti akainuka kabisa kwenye kiti, amefurahi.

"Nakumbuka sana, Profesa. Taya yangu nayo inakumbuka."

Watu wakatabasamu. Hata mimi nikatabasamu. Mzee akamuuliza alitafuna pamba ngapi.

"Zote."

Nikaingilia kati kusaidia. Nikaieleza kamati kwamba anamaanisha zote tisa, tatu kwa siku, siku tatu. Mama Goreti akanigeukia. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Oya, hapana, Yusufu. Tisa iko ya mtu moja. Mimi nilitafuna zote. Ile boksi."

"Boksi gani?" nikauliza.

"Ile yako."

Jamani, naapa, bado sikuelewa. Akili yangu ilikwenda kutafuta boksi jingine. Nikafikiri labda Shangazi alinunua pamba nyingine za dukani. Nikafikiri labda Mama Goreti ni mgonjwa, na nikaanza kumhurumia. Nikamgeukia Shangazi anisaidie, na Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Mama Goreti akaeleza taratibu, ili hata mimi nifuate. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Wenzake wote kumi na mmoja walikuwa wamefunga. Mtu amefunga, unamtiaje pamba mdomoni, aitafune, mate yamjae, mchana kweupe? Walikaa wakashauriana. Kunikatalia hawakutaka, mimi mtoto wao, na shule yangu itakwama. Kufungua hawawezi. Ndipo Mama Goreti akasema yeye ni Mkatoliki, mdomo wake hauna kazi, walete hivyo vichupa. Akatafuna pamba kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili adhuhuri, kumi na mbili alasiri. Siku tatu. Wenzake walikuwa wanamshonea mashati yake ili yasichelewe.

"Mate yote iko yangu," akamaliza. Akasema kwa unyenyekevu, kama mtu aliyechangia ujenzi wa kanisa na hapendi kutajwa.

Nikasema, "Shangazi?"

"Ulisema unataka vichupa vijae, mwanangu," akasema Shangazi. "Vilijaa."

Sasa mniambie. Mimi ni Mwislamu. Mwezi ule nilikuwa nimefunga mimi mwenyewe! Nilikuwa naingia kwa Shangazi magharibi, midomo imekauka, natanguliza tende kabla ya salamu, halafu nachukua vichupa mia vya mate ya watu waliofunga na sijiulizi yametoka wapi. Nilikuwa naangalia kalenda ya chuo tu. Ya mwezi sikuiangalia, ilhali nilikuwa ndani yake.

Mzee wa Morogoro akainama karibu na kamera. Sasa naye alikuwa na uso wa mtafiti, na mimi nikatamani umeme ukatike.

"Mama, ile Ijumaa adhuhuri ulikuwa unafanya nini?"

"Ijumaa wenzangu wanaenda msikitini. Mimi nabaki peke yangu, natandika kitambaa, nalala. Waliporudi wakaniamsha nitafune."

Aya mbili, jamani. Aya mbili juu ya utulivu wa ibada ya pamoja, na zimetafsiriwa. Alikuwa Mkatoliki amelala juu ya kitenge.

Akaulizwa Alhamisi asubuhi, ile ambayo wote kumi na wawili walikuwa juu. Hiyo aliikumbuka mara moja. Pasi iliunguza gauni la bibi harusi, na bibi harusi anakuja saa nne. Alitafuna pamba zote kumi na mbili akiwa analia. Kwenye makala nilieleza kwamba msongo wa mmoja husambaa kwa wenzake wote papo hapo. (Ulisambaa. Kwenye vichupa.)

Profesa mmoja wa maabara akauliza: mate ya mtu mmoja yalitoshaje vichupa vyote hivyo?

"Yakiisha nalamba ndimu," akasema Mama Goreti.

Yule wa maabara akafumba macho. Ndimu inaharibu kipimo chenyewe. Kwa hiyo hata namba za yule mmoja si namba.

Mwenyekiti alikuwa anasoma makala yangu, ukurasa wa kwanza, mara ya pili. Akaniuliza bila kuinua kichwa: Daktari, washiriki wa utafiti walikuwa wangapi?

Nikatazama mchoro ukutani, mistari kumi na miwili ikienda pamoja kwa raha zake. Nikamtazama Mama Goreti, naye akanitikisia kichwa kunitia moyo.

"Mmoja," nikasema. "Mara kumi na mbili."

Mzee wa Morogoro akavua kofia, akaiweka mezani.

"Daktari, uliniandikia kwamba mafundi wangu hawapendani. Nimebishana na barua yako muda mrefu sana. Leo nakubali. Wa kwako wanapendana kweli. Wa kwangu, kila mmoja alitafuna pamba yake."

Hapo ndipo kamati ilipovunjika. Yule wa maabara alilala juu ya meza. Mwenyekiti aliokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka, akakaa huko chini muda. Shangazi akacheka pia kwa kuwa wote wanacheka, na kwa kuwa aliona mambo yanakwenda vizuri, akafunua ndoo ya sambusa. Na wakala! Wale watu walikula sambusa za sampuli yangu nikiwa nimesimama mbele yao na kijiti cha kuonyeshea.

Tukatolewa nje wajadiliane. Kwenye korido nilitaka kukasirika. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa. Mama Goreti alikaa kwenye benchi, tabasamu limeondoka. Alikuwa anazungusha rozari.

"Nimekuharibia?" akauliza.

Mwanamke huyu alitafuna pamba mia moja na nane, nyingine huku analia, ili mtoto wa mwenzake asifeli. Nikamwambia ukweli, kwamba nimejiharibia mwenyewe. Ningekaa pale mchana mmoja, hata dakika kumi, ningeona. Niliwaandika wakawa maarufu duniani, na sikuwahi kukaa nao baada ya kukua. Nilikuwa nakuja wakati wa chakula. Nilikuwa na aibu ya kweli, si ile ya kuchekesha. Akanisikiliza, akanyoosha mkono, akanifunga kifungo cha koti.

Tukaitwa. Hawakunikataa. Mzee wa Morogoro ndiye aliyeniombea: faili langu linarudishwa bila kuhesabiwa kuwa nimekataliwa, kwa sharti kwamba niliandikie jarida mimi mwenyewe, leo hii, makala iondolewe. Kisha nirudie kazi pamoja naye, mafundi wake na wangu. Nikasema ndiyo kwa kila kitu. Wangenipa sharti la kufagia ukumbi, ningeuliza ufagio uko wapi.

Kwa hiyo kuanzia leo nina makala kumi, na yule msomaji wangu mwaminifu.

Nimefungua fomu ya jarida ya kuondoa makala. Kuna mahali pa kuchagua sababu. Umeiba kazi ya mtu? Umebuni takwimu? Mashine iliharibika? Nimeipitia orodha yote, huruma ya majirani haimo. Nimechagua "nyingine" na sasa natazama nafasi tupu ya kueleza, mistari mitatu tu. Kuna mamia ya watu watakaopata taarifa kwamba nadharia waliyoijenga imesimama juu ya taya la mama mmoja, na sijui nianze vipi.

Naombeni msicheke, hasa ninyi mlionukuu.

Simu imeita sasa hivi nikiandika haya. Ni Mama Goreti. Shangazi amemwambia kuna utafiti mwingine unakuja. Anasema nisiwe na wasiwasi, ndimu ameshanunua.